Mwalimu Kwanza, Bati Baadaye: Historia Fupi ya Shule za Awali za Jamii



Kila mwaka katika kijitabu hiki mhazini hupewa ukurasa mmoja wa mapato na matumizi. Safari hii kamati imeniomba niandike kurasa kadhaa za historia, kwa sababu ya swali lililotushinda kwenye mkutano mkuu uliopita: ile shule ya awali tuliyoijenga nyumbani iendeshwe vipi, na watoto wafundishwe nini humo ndani. Mnakumbuka mzee wetu mmoja alisimama akasema, "Mjukuu wangu nimempeleka shule, kila nikipita namkuta anacheza mchanga. Mchanga hata nyumbani upo." Watu walicheka, lakini hoja ilikuwa nzito, na tuliondoka ukumbini bila kumjibu.

Kabla ya historia, nikiri kosa langu. Bajeti ya shule ile niliiandika mimi. Niliweka saruji, nondo, bati, rangi na madawati, na kila kitu kina risiti. Posho ya mwalimu niliiandika kwa mstari mmoja tu: itatokana na ada ya wazazi. Ulipokuja msimu mbaya wa samaki, ada haikuja. Mwalimu wetu, binti wa hapohapo, alivumilia miezi kadhaa kisha akaenda kuuza duka mjini. Hakuna wa kumlaumu. Mlango ukafungwa muhula mzima. Kwenye mizania jengo lile bado linasomeka kama mali, lakini kwa muhula ule lilikuwa ni kuta tu.

Nilipoanza kusoma jinsi wenzetu walivyoanzisha shule za namna hii, nilikuta maswali yetu mawili, la mchanga na la posho, waliyapata wao kabla yetu. Majibu yao ndiyo haya.

Mchezo haukuanza kwetu jana

Wazo la kuwakusanya watoto wadogo mahali pamoja ili wajifunze kwa kucheza lina umri wa karibu miaka 190. Mwaka 1837, katika mji mdogo wa Bad Blankenburg nchini Ujerumani, mwalimu aitwaye Friedrich Fröbel alifungua mahali pa watoto ambao hawajafika umri wa shule. Mwaka 1840 akapaita kwa jina la Kijerumani lenye maana ya bustani ya watoto. Vifaa vyake vilikuwa mipira ya nyuzi na vipande vya mbao vya maumbo mbalimbali. Mtoto alivipanga, akavibomoa, akavipanga tena. Fröbel aliona kwamba kwa mtoto wa miaka minne kucheza ndiyo njia yake ya kufikiri, wala si mapumziko baada ya kufikiri.

Si wote waliofurahi. Mwaka 1851 serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule hizo kwa kuzishuku kuwa zinaeneza fikra za uasi na kupinga dini. Fröbel alifariki mwaka uliofuata, marufuku ikiwa bado ipo, na iliondolewa mwaka 1860. Nayataja haya ili mzee wetu ajue kwamba hakuwa wa kwanza kutilia shaka mchezo wa watoto. Serikali nzima ilishautilia shaka.

Karne moja baadaye, huko Ypsilanti katika jimbo la Michigan nchini Marekani, swali la faida ya mchezo lilipimwa kwa namna ambayo mhasibu anaielewa. Kuanzia mwaka 1962 walichukuliwa watoto 123 Weusi kutoka familia maskini. Watoto 58 walipelekwa shule ya awali ambako kila siku mtoto alipanga atakachofanya, akakifanya, kisha akakaa na mwalimu kueleza alichofanya. Wengine 65 hawakupelekwa. Watu hao walifuatiliwa mpaka walipotimiza miaka 40. Waliopita shule ile walikuwa wamemaliza sekondari kwa wingi zaidi, wana kazi na kipato kizuri zaidi kuliko wenzao, na wachache zaidi miongoni mwao walikuwa wamewahi kukamatwa na polisi mara nyingi. Fedha zilizotumika kwa watoto wa miaka mitatu na minne zilikuja kuonekana kwenye maisha ya watu wazima.

Mpango ule wa kupanga, kutenda na kukumbuka haukubaki Marekani. Ulivuka bahari ukaja pwani yetu.

Mombasa na Bi Swafiya

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya walikuwa na jambo linalowaumiza. Watoto wao walikuwa wakibaki nyuma shuleni, na wachache tu walifika vyuo vikuu. Walimwomba Aga Khan msaada. Mfuko wake wa maendeleo ukamtafuta mwalimu wa Mombasa, Bi Swafiya Said, achunguze tatizo liko wapi. Wengi wangetarajia jibu liwe sekondari au ufadhili wa masomo ya juu. Uchunguzi ulionyesha kwamba watoto walikuwa wakiachwa mapema zaidi: walifika darasa la kwanza bila maandalizi yoyote, na aliyeanza akiwa nyuma aliendelea kuwa nyuma.

Mbona hawakupelekwa chekechea? Zilizokuwepo zilikuwa ghali, na wazazi wengi waliogopa kwamba humo mtoto angepoteza dini na adabu za nyumbani. Lakini watu walewale walikuwa na chombo wanachokiamini tangu enzi za mababu: chuo. Kila mtaa ulikuwa na chuo cha Kurani, na mzazi hakuhitaji kushawishiwa kumpeleka mtoto huko. Bi Swafiya na wenzake wakaanzia hapo. Shule ya kwanza ilifunguliwa Liwatoni, Mombasa, mwaka 1986. Asubuhi ya mtoto iliunganisha mafunzo ya dini, nyimbo na hadithi za Kiswahili, na ule mpango wa Michigan wa kupanga, kutenda na kukumbuka.

Darasa lilifanana na nyumba kuliko darasa tulilolizoea sisi. Badala ya madawati yanayotazama ubao kulikuwa na mikeka na pembe: pembe ya nyumbani yenye vyungu na kanga, pembe ya kujenga yenye vipande vya mbao, pembe ya vitabu, pembe ya kuchora. Vifaa vilitoka palepale mtaani: vifuu vya nazi, makombe ya pwani, vifuniko vya soda, mbegu, mabaki ya vitambaa. Mzazi asiye na fedha aliweza kuleta vifuu kumi, na alipopita dirishani akaviona vinahesabiwa, alijua na yeye ameijenga shule ile.

Walimu walikuwa wanawake wa palepale, wengi wao bila cheti chochote cha ualimu walipoanza. Walifundishwa kazi, kisha mkufunzi akawa anawafuata darasani mwao mara kwa mara kuwaona wanavyofundisha na kuwasaidia. Shule haikuwa mali ya mfuko wa mfadhili. Kabla ya kufunguliwa, jamii ilichagua kamati, ikatoa mahali, ikakubali kwa maandishi wajibu wake. Baada ya miaka kadhaa ya kusaidiwa, shule iliyotimiza viwango ilihitimu na kusimama yenyewe.

Kazi hiyo ilifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na hatimaye zilikuwepo zaidi ya shule 200 katika nchi hizo tatu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha watoto wa shule hizo, watoto wa shule nyingine za awali, na watoto waliobaki nyumbani. Waliosoma shule yoyote ya awali waliwazidi waliobaki nyumbani katika vipimo vya akili, na watoto wa shule hizi za vifuu na makombe waliwazidi wote.

Sasa nirudi kwa mzee wetu na mchanga. Mchanga wa nyumbani na mchanga wa shule ni uleule, na mtoto ni yuleyule. Kinachoongezeka shuleni ni mtu mzima aliyefundwa, anayekaa chini na kumwuliza: leo unataka kujenga nini? Kopo lipi limebeba zaidi? Ukuta umeanguka kwa nini? Mama yake hashindwi kuuliza hayo, ila saa hizo yuko shamba, au anasubiri mashua irudi. Kwa hiyo mchezo ukimwondoa mwalimu unabaki mchezo tu, na hapo mzee ana haki kulalamika. Muhula ule tuliofunga mlango, mchanga ulikuwepo. Aliyekosekana ni mwalimu.

Na tusidhani haya ni ya kigeni kwetu. Waliokulia nyumbani wanaukumbuka mdako: unarusha kijiwe juu, kabla hakijashuka umeshakomba vijiwe shimoni na kurudisha vile usivyovihitaji, ukibakiza kimoja, kisha viwili, kisha vitatu. Kutoa na kujumlisha nilianza pale, na dada zangu ndio walionifundisha, miaka kabla sijaiona leja. Hakuna aliyeita somo la hesabu. Mtoto wa leo mwenye shimo lake la mdako na mwalimu pembeni anaifanya hesabu ileile, na kuna mtu wa kuona amekwama wapi.

Kifaru kilichogeuka shule

Swali la posho lilinipeleka mbali zaidi, Italia ya kaskazini, kwenye kijiji cha Villa Cella karibu na mji wa Reggio Emilia. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha pale katika majira ya kuchipua ya mwaka 1945. Watu walikuwa wamepoteza karibu kila kitu. Wanajeshi wa Ujerumani walipokimbia waliacha kifaru, malori machache na farasi. Wanakijiji waliviuza, wakakaa kuamua fedha zitumike vipi. Uamuzi wao ulikuwa kujenga shule ya watoto wadogo.

Mkulima mmoja alitoa ardhi. Matofali yalitolewa kwenye nyumba zilizobomolewa kwa mabomu, mchanga ulichotwa mtoni, na wanawake na wanaume walijenga kwa mikono yao. Mwalimu kijana wa shule ya msingi aitwaye Loris Malaguzzi alisikia habari hiyo, akapanda baiskeli kwenda kuona kama ni kweli. Alikuta ni kweli, akabaki kuwasaidia. Maisha yake yote yaliyofuata aliyatumia kwenye shule za watoto wadogo, na leo walimu kutoka kila bara huenda Reggio Emilia kujifunza.

Hadithi hii hupendwa kwa sababu ya kifaru, lakini mimi niliendelea kusoma kilichofuata. Kifaru huuzwa mara moja tu. Baada ya kujenga, shule ile na nyingine zilizoanzishwa na wazazi katika vitongoji vya jirani ziliishi kwa michango yao, mwezi kwa mwezi, kwa miaka mingi ya shida, na baadhi hazikufika mbali. Ilikuwa mpaka mwaka 1963 ndipo manispaa ya Reggio Emilia ilipofungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo, baada ya wazazi, hasa akina mama, kudai kwa muda mrefu. Kujenga kulichukua miezi, na kuhakikisha mwalimu analipwa kulichukua karibu miaka ishirini.

Sisi tuliuza kifaru chetu kwenye harambee ya kwanza. Tukajenga, tukapiga picha, tukarudi mjini.

Wakfu

Wenzetu wa Mombasa, Zanzibar na Uganda nao waliliona tatizo hili. Shule zilizohitimu zilianza kuyumba, kwa sababu ada ya wazazi hupanda na kushuka kama bei ya karafuu au ya samaki, na mwalimu hula kila siku. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaanza mpango wa mfuko wa kudumu. Jamii ilichangisha kiasi chake, mfadhili akaongezea, na fedha za shule nyingi zikawekwa pamoja na kuwekezwa. Mtaji hauguswi. Faida ndiyo inayorudi kwa shule kuongezea posho za walimu.

Nilipousoma mpango huo nilicheka peke yangu ofisini, kwa sababu pwani yetu inaujua kwa jina lake: ni wakfu. Mtu alikuwa na shamba la minazi, akaliweka wakfu kwa ajili ya msikiti. Minazi haiuzwi. Nazi zinaangushwa, zinauzwa, mafuta ya taa na mikeka inanunuliwa, na mtu huyo amekufa miaka sitini iliyopita. Ndugu zetu Wakristo nao wanalo shamba la kanisa. Babu zetu ambao hawakusoma uhasibu walijua kutofautisha mtaji na mapato. Mimi mwenye shahada nilisahau.

Nitoe mfano wa hesabu tu, mjadili wenyewe. Tukiwa wanachama 100, kila mmoja akatoa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa mwaka mmoja, tunapata milioni 24. Tukiziwekeza mahali salama, kwa mfano hatifungani za serikali, na tukapata faida ya asilimia 10 kwa mwaka, hiyo ni milioni 2.4, yaani shilingi 200,000 kila mwezi, mtaji ukiwa palepale. Haitoshi kuwa mshahara mnono. Lakini ikiungana na ada ndogo ya wazazi, inamfanya mwalimu asifunge mlango samaki wanapoadimika.

Kuna watakaouliza serikali iko wapi. Ipo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliitambua elimu ya awali, na ya mwaka 2014 ikataka itolewe kwa watoto wa kati ya miaka 3 na 5 kwa kipindi kisichopungua mwaka mmoja. Shule ya msingi yetu ina darasa la awali. Lakini mtoto wa miaka mitatu au minne wa kule kitongojini hawezi kutembea peke yake mpaka huko na kurudi. Shule yetu haishindani na ya serikali. Inampokea mtoto mapema na karibu na kwao, kisha inamkabidhi.

Misingi tunayopendekeza

Kutokana na historia hii, kamati inapendekeza shule yetu ishike misingi mitano, nayo iandikwe ukutani kwa maneno ambayo mzazi yeyote atayasoma.

Kwanza, mtoto atajifunza kwa kucheza, na mwalimu atakuwa karibu naye anapocheza. Kuandika kutakuja, kwa wakati wake, kwa mtoto ambaye vidole vyake vimeshazoea udongo, shanga na makombe.

Pili, lugha ya darasani ni Kiswahili. Tunajua wapo wanaotamani Kiingereza. Mtoto ajenge nyumba ya kwanza kwa lugha anayoota nayo, nyingine ataziongeza.

Tatu, vifaa vitoke nyumbani kwetu, na kila familia ilete chochote, ili asiwepo mzazi anayeona shule ile ni ya watu wa mjini.

Nne, mwalimu awe mtu wa pale, afundishwe kazi, na alipwe kabla ya matumizi mengine yoyote. Bati likivuja, tutahamia chini ya mwembe huku likizibwa. Mwalimu akiondoka, hatuna pa kuhamia.

Tano, hesabu zisomwe nyumbani kila muhula, mbele ya wazazi, kwa sauti, na si kwenye kijitabu hiki peke yake. Watoto wa dini zote na wa kila uwezo watapokelewa, na aliyeshindwa ada atasema kwa kamati bila kuaibishwa.

Ndugu zangu, fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Mwaka huu hamtaona mstari wa saruji wala wa rangi. Kuna mistari miwili tu: posho ya mwalimu kwa miezi kumi na miwili ijayo, na mtaji wa wakfu wa shule. Najua changizo la namna hii halina jiwe la msingi wala utepe wa kukata, na mgeni rasmi hatakuwa na cha kuzindua. Atakachokiona, akipita asubuhi, ni mlango uko wazi na watoto wako kwenye mchanga, na mwalimu amekaa chini pamoja nao.

Yule mzee wetu nilimpigia simu nikamsomea kurasa hizi kabla hazijapelekwa kuchapwa. Alinyamaza, kisha akaniuliza mwalimu anarudi lini. Nikamwambia inategemea fomu zenu. Akasema, "Basi niandikie na mimi. Na vifuu ninavyo, vingi tu."

Jina lake ndilo la kwanza kwenye orodha.